Jifunze Kaunti Yako: Kuusoma Mji wa Mombasa kwa Miguu

Mgeni anaposhuka Mombasa kwa mara ya kwanza huonyeshwa Fort Jesus na pembe za alumini za Moi Avenue, kisha hupelekwa ufuoni. Sisi wenyeji hatumzidi kwa mengi. Wengi wetu hupita Kengeleni kila asubuhi bila kujiuliza ni kengele gani iliyopapa jina hilo. Tunangoja matatu mbele ya sanamu ambayo hatujawahi kuizunguka. Tunaishi mita mia mbili kutoka kwenye kisima kilichowanywesha babu zetu, na hatukijui.

Somo la toleo hili ni la kutembea. Lina vituo saba, vyote ndani ya kaunti yetu, na karibu vyote havina kiingilio. Unahitaji viatu vizuri, daftari na muda. Lakini si matembezi ya kustarehe tu. Mahali pa umma pasipojulikana na majirani ndipo panapopotea kwanza. Njia ya kushukia baharini huzibwa kidogo kidogo: kwanza huwekwa geti, kisha mlinzi, kisha kibao cha kumiliki. Makaburi ya zamani huota majani, ukuta huanguka, na siku moja mawe ya ujenzi humwagwa juu yake. Siku hiyo majirani hulalamika, ila hakuna mwenye maandishi wala picha, wala anayeweza kueleza kwa uhakika palikuwa na nini. Anayeujua mji wake kwa miguu huwa na la kusema.

Kabla hujatoka

Toka mapema, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali na barabara hazijajaa tuktuk. Nenda na mtu, hasa kijana wako, na beba maji. Vaa mavazi ya heshima, kwa kuwa utapita mbele ya misikiti na vibaraza vya watu. Usimpige mtu picha wala usipige picha ya ndani ya nyumba bila ruhusa. Na palipo na ilani ya kukataza picha, itii. Usiingie makaburini bila kuuliza.

Vituo vitano vya kwanza vinatosha asubuhi moja, saa tatu hivi ukiwa unasimama. Cha sita na cha saba viwekee siku zao. Mwenda pole hajikwai.

Kituo cha 1: Nje ya Fort Jesus

Ngome yenyewe tunaijua. Wareno walianza kuijenga 1593, na tangu 2011 imo katika orodha ya Turathi za Dunia. Leo tusiingie ndani, tutazame pembeni yake.

Karibu na ngome kuna jengo la Mahakama ya Zamani la 1902. Kumbuka kuwa wakati huo ngome ilikuwa jela; ilitumiwa hivyo kuanzia 1895 hadi 1958. Kwa hiyo mtu aliyehukumiwa hapa alitembea hatua chache tu hadi kifungoni. Simama kati ya majengo hayo mawili umweleze kijana wako jambo hilo, na ataelewa utawala wa kikoloni upesi kuliko kwa kurasa kumi za kitabu.

Jirani yake kuna makaburi ya Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa kwa takriban karne moja hadi 1837, Seyyid Said alipoutwaa mji. Wageni wengi hupiga picha ngome na kuyapa mgongo makaburi, ilhali waliolala humo waliitawala ngome hiyo kwa muda mrefu.

Kituo cha 2: Majina ya njia za Mji wa Kale

Ingia Mji wa Kale na usome vibao. Ndia Kuu ni Kiswahili cha hapahapa: Kimvita husema "ndia" pale Kiswahili sanifu kinaposema "njia". Kibao hicho kinahifadhi matamshi ya mji mzima. Anayekisahihisha kuwa "Njia Kuu" akidhani ni kosa la mwandishi atakuwa amefuta ushahidi.

Barabara ya pili ina jina la Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa Liwali wa Pwani enzi za ukoloni na mtafiti wa historia. Aliandika kitabu kuhusu Al-Akida, kamanda aliyejifungia ndani ya Fort Jesus na kumwasi Sultani wa Zanzibar, hadi meli za kivita za Uingereza zilipoipiga ngome kwa mizinga mwaka 1875. Jina moja la barabara limebeba mwandishi, kitabu na vita.

Majina ya njia pia ni saa. Digo Road zamani ilikuwa Salim Road, na Moi Avenue ilikuwa Kilindini Road. Ukipata risiti ya duka la babu au barua yenye "Salim Road", tayari umejua ni ya kabla ya barabara kubadilishwa jina. Kilindini yenyewe ni mahali pa kilindi, penye maji ya kina kirefu. Ndiyo maana reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, meli kubwa zilihamia huko na bandari ya upande huu ikabaki ya majahazi.

Ukitembea, inua macho uone roshani za mbao, kisha yateremshe uone mabaraza ya mawe kando ya milango. Baraza ni sehemu ya nyumba lakini pia ni sehemu ya mtaa: mgeni hukaribishwa hapo bila kuingia ndani. Nyumba ikikarabatiwa na baraza ikavunjwa ili kupata nafasi ya duka, kilichoondoka si jiwe tu, ni mahali watu wa mtaa walipokuwa wakikaa na kujuliana hali.

Kituo cha 3: Msikiti wa Mandhry na maji ya mji

Msikiti wa Mandhry ulijengwa takriban 1570 na bado unasaliwa. Mnara wake mweupe hauna mapambo mengi, na ndiyo sababu wapita njia wengi hawausimamii. Epuka kufika wakati wa swala kama nia yako ni kutazama tu.

Tafuta kisima kilicho jirani na msikiti, kisha uwaze kuhusu maji. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipita Mombasa mwaka 1331 na akaeleza misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na visima mlangoni ambapo watu walichota maji na kuosha miguu kabla ya kuingia. Karibu miaka 700 baadaye, kisima na msikiti bado ni majirani. Kisiwa chetu hakina mto. Maji ya bomba kutoka chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, yalifika katika miaka ya 1950. Kwa muda mrefu kabla ya hapo uhai wa kisiwa ulitegemea kwa sehemu kubwa visima na maji ya mvua. Kila kisima kilikuwa na jina, wenyewe, na utaratibu wa nani ateke lini. Wanawake ndio walioujua utaratibu huo. Huenda baadhi yao bado wako hai, na hatujawauliza.

Kituo cha 4: Ngazi za Leven

Endelea hadi Forodhani, karibu na Bandari ya Kale. Hapo kuna ngazi na njia iliyochongwa mwambani kuteremka hadi ukingo wa maji, na kisima cha maji baridi. Jina Leven ni la meli ya Kapteni William Owen wa Uingereza. Mwaka 1824 Wamazrui, wakihofia Oman, walikubali bendera ya Uingereza; Owen akatangaza ulinzi juu ya Mombasa bila idhini kamili ya serikali yake. Mpango huo ulivunjwa mwaka 1826. Kabla ya reli, kabla ya koloni, Uingereza ilikuwa imekwisha kuja Mombasa na kuondoka ndani ya miaka miwili.

Nyumba ya Leven iko hapohapo. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, aliishi humo alipofika mwaka 1844. Mwaka huohuo mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walifariki, wakazikwa ng'ambo ya maji, upande wa Nyali.

Teremka kwa uangalifu, mawe huteleza. Ukifika chini jiulize: njia hii ni ya nani? Mabaharia wameitumia kwa vizazi kuchukua maji. Njia za namna hii, ndogo na zisizo na lango la kifahari, ndizo zinazohitaji macho ya majirani kuliko majengo makubwa yote.

Kituo cha 5: Askari wasio na majina

Toka Mji wa Kale upite Marikiti, neno la Kiingereza la soko lililokwisha vaa kanzu. Vuka hadi Jomo Kenyatta Avenue utafute sanamu za shaba za askari. Ni ukumbusho wa Waafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari pamoja na wapagazi wa Kariakoo. Katika kampeni ya Afrika Mashariki, makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu.

Zunguka sanamu polepole. Maandishi yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanaahidi kwamba hata waliokufa, watoto wao watayakumbuka majina yao. Sasa tafuta jina. Hakuna hata moja. Waliosimamisha ukumbusho huo waliwaachia watoto kazi ya kukumbuka, kisha hawakuandika ni wa kukumbuka nani.

Basi hapa ndipo somo letu lilipo. Katika familia nyingi za Pwani, na za bara zilizohamia hapa, huenda kuna babu wa babu aliyechukuliwa kubeba mizigo na hakurudi. Jina lake haliko kwenye shaba. Kama lipo, liko katika kumbukumbu ya mzee mmoja wa ukoo. Mzee huyo akiondoka kabla ya kuulizwa, ahadi ya ukumbusho ule itakuwa imevunjwa na sisi wenyewe.

Mbele kidogo ni Majengo, mtaa wa watu wa kazi. Januari 1947 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa bandari, reli na shughuli nyingine za mji waliacha kazi kwa karibu wiki mbili kudai mishahara inayotosha kuishi. Walikutana kila siku kisiwani katika uwanja waliouita Kiembeni, ambao si mtaa wa Kiembeni wa Kisauni. Serikali ililazimika kuunda baraza la kuchunguza mishahara, na mishahara ikapandishwa. Chege Kibachia, kiongozi wa chama chao, alikamatwa mwaka huohuo na kuzuiliwa mbali na Mombasa kwa miaka mingi. Uliza Majengo: mwembe huo ulikuwa wapi? Jibu utakalopata, au kutopata jibu, vyote viandike.

Kituo cha 6: Mnara wa Mbaraki

Siku nyingine nenda Mbaraki, kusini-magharibi ya kisiwa. Kuna mnara wa mawe ya matumbawe wenye urefu wa takriban mita 14, ulio wazi ndani. Inakadiriwa ulijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1700, karibu na msikiti wa kale zaidi yake. Watu walikuja hapo na ubani na maji ya waridi kuomba mvua au nafuu ya maradhi, wakiamini pana pepo anayekaa mnarani.

Huenda imani yako haikubali hayo. Hilo halikuzuii kuandika kwamba yalifanyika. Kazi ya mtembezi ni kusikiliza watu waliamini nini na walifanya nini; kuhukumu ni jambo jingine.

Kituo cha 7: Kengeleni

Vuka Daraja la Nyali. Kwenye makutano baada ya daraja umesimama mnara wa kengele ulioipa sehemu hiyo jina.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, baada ya shinikizo la Uingereza lililoongozwa na Sir Bartle Frere. Mwaka 1875 wamisionari walianzisha makazi ya watu walioachiliwa kutoka majahazi ya watumwa, yakaitwa Freretown. Miongoni mwa waliotangulia hapo ni Waafrika waliookolewa baharini wakiwa watoto, wakalelewa na kusomeshwa Nasik, India, kisha wakarudi wakiwa mafundi, walimu na wahubiri. Kengele ilikuwa ya kuwaonya wakazi hatari inapokaribia, kwa kuwa aliyeachiliwa jana angeweza kunyakuliwa tena leo.

Wazao wa watu hao wamo miongoni mwetu. Kwa muda mrefu wamejitahidi kutambuliwa, kwa sababu mtu akiulizwa kabila lake na asili ya nyumba yake, naye babu yake alinyakuliwa mtoto asijue alikotoka, hana jibu la kujaza kwenye fomu. Kwao Kengeleni si stendi ya matatu. Ndipo ukoo wao ulipoanza upya. Mnara ule ukiangushwa kesho kupanua barabara, sisi wengine tutapoteza alama ya njia. Wao watapoteza cheti cha kuzaliwa.

Namna ya kumwuliza mzee

Kuuliza si ujinga, lakini kuna kuuliza kwa adabu. Piga hodi, toa shikamoo, jitambulishe wewe ni mtoto wa nani na unakaa mtaa gani, kisha eleza nia yako. Usianze na "Mzee, nipe historia ya hapa". Swali hilo ni kubwa mno na litamchosha. Uliza kidogo:

1. Mlipokuwa wadogo, maji mlikuwa mkiteka wapi?
2. Mtaa huu mlikuwa mkiuitaje, na jina limetoka wapi?
3. Nani alikuwa akikaa nyumba ile kabla ya mwenye nayo sasa?
4. Mlipita wapi kwenda baharini?
5. Ni mahali gani mlikatazwa kwenda, na kwa nini?

Ukisikia habari mbili zinazopingana, usichague moja. Andika zote, pamoja na jina la msimulizi akikuruhusu, mahali na tarehe. Usiandike "inasemekana" bila kutaja aliyesema.

Sheria inakupa nafasi gani

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeiachia Serikali ya Kitaifa makumbusho ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, na imezipa kaunti shughuli za utamaduni, yakiwemo majumba ya makumbusho ya kaunti. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 inalinda maeneo yaliyotangazwa rasmi. Pia inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa. Kwa hiyo ukichimba msingi ukakuta vigae, sarafu au kaburi, simamisha kazi na uarifu Makumbusho ya Kitaifa au utawala wa eneo lako.

Mtu anapotaka kubadilisha matumizi ya ardhi, umma hupewa ilani na mkazi ana haki ya kuwasilisha pingamizi kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Haki hizi ni nzuri, ila hazifanyi kazi zenyewe. Pingamizi lenye picha tatu za miaka tofauti, mchoro wa njia na maelezo ya wazee wawili waliotia saini lina uzito. Kelele za siku tingatinga linapofika hazina. Tofauti kati ya hayo mawili ni daftari lako la leo.

Zoezi la mwezi huu

Chagua mahali pamoja katika kaunti ndogo yako, iwe Jomvu, Likoni, Changamwe, Kisauni, Nyali au Mvita: kisima, ngazi, mti, kaburi, jengo au jina la njia. Kwenda mara mbili kunatosha. Mara ya kwanza tazama, pima kwa hatua, chora na upige picha ukiandika tarehe. Mara ya pili rudi na mzee anayepajua umsikilize. Andika ukurasa mmoja tu. Nakala moja iache nyumbani, ya pili mpe mwalimu wa shule ya jirani, na ya tatu ipeleke kwa msimamizi wa wadi na uombe igongwe muhuri wa kupokelewa.

Na jioni, ukiwa nyumbani, waulize wazee wako swali la sanamu ya askari: katika ukoo wetu, nani alikwenda vitani au kubeba mizigo na hakurudi? Ukipata jina, liandike juu kabisa ya ukurasa.